Msumeno wa Kidari

Jumatatu, tarehe 4 Januari

Leo nimetimiza miezi mitano na siku tisa tangu nitoke nyumbani. Mkataba wangu hapa machinjioni unaisha tarehe 13 Februari. Naanza kuandika kwa sababu siku hizi nikifungua mdomo namalizia kwa ngumi, na daftari halina meno ya kung'oka.

Mama Chiriku amepiga simu wakati wa mapumziko. Chiriku ni binti yetu, ana miaka minne. Tulimpa jina hilo kwa kuwa alianza kusema mapema na hajanyamaza mpaka leo. Mama yake amempeleka hospitali kubwa kwa sababu ya ile midomo inayogeuka zambarau. Wamempima kwa mashine na kuona tundu kwenye ukuta wa moyo, tena njia ya kupeleka damu mapafuni ni nyembamba. Amezaliwa hivyo. Ile tabia yake ya kukimbia kidogo kisha kuchuchumaa, ambayo sisi tulikuwa tukiicheka na kumwita chura, kumbe ndiyo namna yake ya kutafuta pumzi.

Kuna madaktari wageni wa kupasua moyo wanakuja Februari kwa wiki tatu tu. Chiriku ni wa tano kwenye orodha.

Nimemwambia mama yake tutazungumza.

Jumanne, tarehe 5

Ng'ombe mia na tisini. Joto. Nzi.

Alhamisi, tarehe 7

Ukame umewabana wafugaji. Wanauza hata ng'ombe wa maziwa, hata ndama. Malori yanafika machinjioni asubuhi na wanyama wamelaliana, wa chini wameshakufa kwa kukanyagwa.

Kwenye mstari kila mtu ana kipande chake. Mmoja hulaza, Mchinjaji hukata koo, jitu moja tunaloliita Nundu huchuna ngozi, mimi napasua kidari. Ng'ombe ananifikia akining'inia kwenye reli, kichwa chini, bado anatoa mvuke. Naingiza msumeno wa umeme pale mbavu zinapokutana, nauegemea kwa bega, mfupa unalia, kifua kinaachia. Natia mikono miwili, nakata mishipa mikubwa, navuta moyo na mapafu kwa mvuto mmoja. Sijaona wa kunishinda kwa kasi.

Leo mchana nimeongea na daktari wa moyo kwenye simu ya mama Chiriku. Mtu mpole, ananiita Baba Chiriku kama vile tumekula pamoja. Nikamuuliza wataingilia wapi. Akasema katikati ya kifua. Nikasema najua vifua, ataje mfupa.

"Kidari, baba. Tunakipasua kwa msumeno mdogo."

Nikakaa chini. Akaendelea kwa sauti ile ile kwamba wataunganisha mashine ya kuzungusha damu, kisha watausimamisha moyo kwa saa moja, pengine na zaidi, wazibe tundu na kupanua ile njia. Nikamuuliza nani atauwasha tena. Akasema unarudi.

"Daktari," nikamwambia, "mimi nasimamisha mioyo mia mbili kwa siku. Hakuna hata mmoja uliowahi kurudi."

Akataka kunieleza. Nikamwita mwuaji, na mengine ambayo siyaandiki. Nikasema hakuna atakayemgusa mwanangu kwa msumeno.

Mama Chiriku akachukua simu. Hakupandisha sauti. Amesema hospitali iko tayari kupokea saini yake peke yake, ila yeye hatatia.

"Nikitia peke yangu na mtoto akafa, utaniambia nilimuua. Nakujua. Utasema ndiyo kwa mdomo wako, ndipo nitie."

Nimesema hapana. Akakata.

Ijumaa, tarehe 8

Mia mbili na kumi na wawili. Vidari vyote nilivyopasua leo nimeviona vidogo.

Jumapili, tarehe 10

Siku ya kupumzika. Nimeosha buti, nimefua aproni, nimepiga mlango wa bweni ngumi mpaka ubao ukapasuka. Wenzangu walitoka nje mmoja mmoja bila kuniuliza.

Shemeji yangu, kaka yake mama Chiriku, amepiga. Ndiye anayekaa nao hospitali. Amesema nikiendelea na ukaidi mtoto akafa, nisirudi kule, atanisubiri stendi. Nikamwambia aje na wenziwe wawili maana peke yake hatoshi. Tukatukanana mpaka mama zetu wakaingia humo. Kisha nikasikia sauti ndogo nyuma yake ikitaka simu.

"Baba. Unapigana. Na mjomba?" Baada ya kila neno anasimama kuvuta hewa, kama mtu anayepanda ngazi.

Nikasema tunataniana.

"Basi mjomba. Anatetemeka."

Jumatano, tarehe 13

Mia mbili na thelathini. Nimempiga teke ng'ombe aliyekufa.

Jumamosi, tarehe 16

Mama Chiriku hapokei simu yangu. Shemeji anapokea, anapumua, anakata.

Jumatano, tarehe 20

Naandika kwa mkono wa kushoto, nisamehewe mwandiko.

Kuna mchezo hapa. Moyo wa dume mkubwa ukitolewa upesi hauachi papo hapo, huendelea kupiga kwenye sinia. Basi wakati mstari umesimama, wanaume huchukua mioyo miwili mitatu, kila mtu na wake, na kuhesabu kwa sauti. Ambaye wake unanyamaza kwanza ndiye anayeosha sakafu. Mimi nilikuwa bingwa, kwa sababu kasi yangu inautoa ukiwa bado na nguvu. Sakafu hii sijaiosha tangu nifike. Lakini toka ile simu ya daktari sijacheza, na Nundu ameliona hilo. Habari za mtoto nazo zilishaenea bwenini, maana kuta ni za mbao.

Leo reli imekwama. Nundu akachukua moyo wa ndama, mdogo, unaokaa kiganjani, akauweka kwenye sinia mbele yangu.

"Huu wa Chiriku," akasema. "Tuone kama utafika thelathini."

Wengine walicheka, si kwa ubaya nadhani, ni kicheko cha watu waliochoka. Akaanza kuhesabu. Akafika kumi na tisa.

Nilimpiga kwa mpini wa kulabu, ile ndoana ya chuma tunayovutia nyama. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni na nikasikia meno. La pili lilimpata sikioni. Nundu ananizidi kilo thelathini. Aliniangukia akiwa ameninyakua shingo, akanisukuma uso kwenye mfereji wa damu, akanishikilia humo. Nilimeza. Nilimng'ata kidole gumba mpaka nikagusa mfupa, akaachia, nikainuka na kulabu ile ile, lakini sasa nimeigeuza. Ncha ilikuwa mbele. Nilijua pa kuiingiza, mimi nayajua maungo. Mchinjaji alinidaka kifundo cha mkono na kukisokota mpaka vidole vikafunguka.

Kama asingenidaka leo ningekuwa naandikia kwingine.

Alhamisi, tarehe 21

Msimamizi ametuweka mbele yake. Nundu meno mawili ya mbele hana. Mimi nyusi imepasuka na mkono umevimba. Msimamizi amesema nichague: polisi, au niongeze wiki sita kwenye mkataba. Ng'ombe ni wengi, watu hawatoshi. Nimechagua wiki sita. Akachukua kitambulisho changu akakifungia mezani. Sasa nitamaliza tarehe 27 Machi.

Nilipofika mlangoni ndipo hesabu ya siku ikanijia. Madaktari wale wanaondoka tarehe 26 Februari. Nilikuwa niwe nyumbani tarehe 15, kabla hata hawajafika katikati ya kazi yao. Nimeuza siku hizo zote kwa mapigo mawili ya mpini.

Nundu naye hakufukuzwa. Ameamriwa asimame pale pale, ubavuni mwangu.

Ijumaa, tarehe 22

Nyusi ilikuwa ikitoa usaha. Mkaguzi wa nyama, mama mmoja mfupi aliyesomea udaktari wa mifugo, ndiye anayegonga muhuri kila mzoga. Ameniita kwenye kichumba chake akanishona kwa uzi wake wa kazi, bila ganzi, amesema ganzi anawawekea wanyama wasiopigana.

Akiwa ameshika sindano akaniuliza Nundu alihesabu mpaka ngapi. Nikasema kumi na tisa, ndipo nikampiga.

"Nami nilikuwa nimesimama pale nikiwapigia kelele," akasema. "Mlipigana, mkagaagaa, mkatenganishwa, na ule moyo bado ulikuwa unapiga. Nani alikuwa akiuamuru?"

Nikasema hakuna.

"Mwisho ukasimama. Kwa nini?"

"Kwa sababu umekufa."

"Kwa sababu hakuna aliyekuwa akiulisha. Ninyi mnatoa moyo, mnautupa kwenye sinia kavu, mnaunyima damu, halafu mnauona mvivu. Wale wenzangu wa hospitali hawaunyimi. Wanaulaza kwa dawa na baridi, mashine inamlinda mtoto, wakimaliza wanaurudishia damu yake. Wewe umeona kazi moja ya msumeno, ukadhani ndiyo zote."

Nilitaka kumpiga naye, naandika ukweli. Akakata uzi. Akachukua moyo wa ng'ombe kwenye ndoo, akaupasua kwa mkato wake wa kila siku, maana sheria inamtaka aifungue mioyo yote kutafuta minyoo. Nimeitupa kwenye meza yake maelfu na sijawahi kuinama kuangalia. Akachukua kidole changu akakipitisha ndani. Huku chumba, huku chumba, katikati ukuta mnene. Akakibonyeza kwenye ukuta: tundu la mwanao liko hapa. Akakisogeza juu: njia nyembamba ni hii.

Nimekuwa bawabu wa nyumba ambayo sijawahi kuingia.

Akanifukuza, akasema mizoga inamsubiri.

Jumapili, tarehe 24

Nimepiga simu mara kumi na moja. Hakuna anayepokea.

Jumatatu, tarehe 25

Mapumziko ya mchana shemeji amepokea. Hakunitukana, na hapo nikajua kuna jambo. Chiriku alianguka Jumamosi. Alikuwa amekaa tu, anachana doli nywele, akageuka rangi ya wino na macho yakapinduka. Wamemweka wodini kwenye oksijeni.

Nikamwambia amwite dada yake. Alipochukua simu nikasema ndiyo kabla hajasema chochote.

"Sema tena."

"Ndiyo. Wampasue."

"Tena."

Nikasema mara ya tatu. Nundu alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwangu, amelaza shavu kwenye barafu, anasikia yote.

Ndipo mama Chiriku akaniambia kwamba Ijumaa orodha ilifungwa. Nafasi ya tano amepewa mtoto mwingine ambaye wazazi wake walikuwa wametia saini. Atatia saini leo, lakini Chiriku atawekwa mwisho, kama siku zitabaki. Ijumaa mimi nilikuwa na kidole changu ndani ya moyo wa ng'ombe, najifunza.

Hakulia. Amesema anarudi kwa mtoto.

Jumatano, tarehe 3 Februari

Mia mbili na arobaini. Hatuongei, mimi na Nundu. Ananisukumia mzoga, napasua.

Jumatatu, tarehe 8

Madaktari wamefika. Wanafanya mtoto mmoja kwa siku, siku nyingine hakuna.

Jumamosi, tarehe 13

Leo ndiyo ingekuwa siku yangu ya mwisho. Niliosimama nao foleni ya kuajiriwa wamepanda lori la saa tatu na masanduku yao. Mmoja akanipungia mkono. Nimerudi ndani nikapasua vidari mia na themanini.

Jumanne, tarehe 16

Mtoto mmoja kwenye orodha amepata homa, ameahirishwa. Chiriku amepanda. Atapasuliwa keshokutwa, Alhamisi. Nimefurahia homa ya mtoto wa mtu, na sijaona haya mpaka sasa ninapoiandika.

Ijumaa, tarehe 19

Naandika ya jana, jana sikuweza.

Saa moja na nusu asubuhi mama Chiriku alipiga. Wamemchukua. Alienda akiongea mpaka mlangoni, akamwuliza daktari kama amenawa mikono na kwa nini kofia yake ina maua. Mlango ukafungwa na sauti ikakatika.

Nilikwenda kwa msimamizi kuomba siku. Akanionyesha malori uani. Nikafunga aproni.

Saa mbili, saa tatu. Nilipasua. Mama Chiriku alikuwa amenieleza utaratibu wote, hivyo kila saa nilijua wamefika wapi. Wanamlaza. Wanamtia mirija. Karibu saa nne alinifikia mtamba mdogo, mweupe kifuani, mafuta kidogo kwa njaa. Nikaweka msumeno pale mbavu zinapokutana, na mkono ukakataa. Nilibonyeza swichi, msumeno ukanguruma, nikashindwa kuuegemea. Nilijua ni sasa hivi. Nilijua mfupa unavyolia. Mizoga ikaanza kujazana nyuma, reli ikapiga kengele, msimamizi akaja akinguruma zaidi ya msumeno, akaniita mwanamke, akanisukuma bega. Nilimgeukia na msumeno ukiwa unazunguka. Sikumwinulia. Lakini nilimgeukia, na alirudi nyuma akakanyaga utumbo, akaanguka chali.

Hapo Nundu akaja katikati. Neno lake la kwanza kwangu kwa wiki nne, na kwa lile pengo lilitoka na upepo.

"Sogea."

Akaning'oa vidole kwenye mpini. Akanitia kisu chake cha kuchuna mkononi akanisukuma upande wake. Akampasua yule mtamba, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake. Anapasua vibaya sana, vidari vyote vilikwenda upande, Mkaguzi alikuwa akitikisa kichwa. Mimi nilichuna ngozi na kuzitoboa hovyo. Msimamizi alisimama, akajifuta, akatuangalia, akaondoka. Mstari ulikuwa unatembea.

Simu nilikuwa nimeitia ndani ya buti. Saa nane na dakika kumi ikatetemeka kwenye kifundo. Shemeji.

"Umerudi," akasema. "Shemeji, umerudi. Daktari anasema walifungua damu tu, ukaanza wenyewe."

Nikaketi kwenye maji ya sakafuni. Mchinjaji alidhani nimejikata.

Haikuishia hapo. Saa kumi na moja alipiga tena: mrija wa kifuani unatoa damu nyingi, wamemrudisha ndani, wamemfungua upya. Safari hii hakuna aliyenieleza utaratibu. Nilikaa uani kwenye rundo la kamba. Nundu alikuja akakaa upande wa pili wa rundo, mgongo wake kwangu. Tulikaa hivyo mpaka simu ya tatu. Mshipa mmoja ulikuwa unavuja. Wameufunga. Amerudi kitandani.

Jumapili, tarehe 21

Wamemtoa mashine ya kupumulia. Midomo ni ya waridi. Mama yake amesema alikuwa hajui kwamba midomo ya mwanawe ina rangi hiyo.

Jumanne, tarehe 23

Mia na sitini. Nimemwambia Nundu samahani ya meno. Amesema nimwambie mtoto akikua kwamba kuna mtu ameshindwa kula muwa kwa ajili yake. Kisha akasema ule moyo wa ndama ulikuwa upuuzi. Tumerudi kazini.

Jumatano, tarehe 3 Machi

Chiriku amepiga mwenyewe. Amesema ameamka na kuna mtoto kitanda cha pili ana gari jekundu na hataki kumpa na nesi amemwambia ampe na yule akalia na yeye akasema basi chukua gari lako na sasa ni rafiki yake. Kwa pumzi moja. Nilikuwa nimejitayarisha kumsubiri katikati ya maneno, nikajikuta nimeachwa nyuma.

Jumatano, tarehe 10

Mvua ya kwanza. Wafugaji wameacha kuuza. Ng'ombe sabini na wawili, nao wana matope mpaka tumboni.

Jumapili, tarehe 14

Wameruhusiwa kwenda nyumbani. Nimezungumza na mama Chiriku kwa kirefu, mara ya kwanza tangu Januari. Amesema kuna wiki mbili alinichukia kiasi cha kutamani nipate ajali. Nikamwambia nilikaribia kumtimizia. Amesema jambo moja: nikirudi, mkono wangu usipige kitu chochote mle ndani, si mtu, si mlango, si meza, kwa sababu mtoto akishtuka anajishika kifua. Nimekubali. Ameniuliza kama naweza. Nimesema sijui, nitajaribu, na nadhani jibu hilo amelipenda kuliko lile la kwanza.

Kisha akanipa agizo la daktari. Kwa wiki sita Chiriku hanyanyuliwi kwa makwapa wala kuvutwa mikono, kwa sababu kidari kinaunga na kinaweza kuachana. Ananyanyuliwa kwa kukingiwa mikono chini: mkono mmoja matakoni, mwingine mgongoni, polepole, anakuja kama maji kwenye karai.

Hiyo sijawahi kuifanya. Mimi nilikuwa namrusha juu.

Jumamosi, tarehe 20

Ng'ombe arobaini. Baada ya kazi nimekwenda stoo ya ngozi kujifundisha kwa mfuko wa chumvi wa kilo kumi na tano. Mara ya kwanza niliunyakua kwa masikio yake, mazoea. Nundu akanikuta, akacheka mpaka akashika mlango, kisha akasimama kunisimamia. Alisema namnyanyua mtoto kama mwizi. Alisema nipige magoti kwanza. Nimeurudia mara ishirini.

Ijumaa, tarehe 26

Msimamizi amenirudishia kitambulisho bila kuniangalia. Mkaguzi ametoa nyuzi zilizokuwa zimesahaulika kwenye nyusi na kusema nitabaki na kovu, tutakuwa wawili nyumbani.

Kesho namaliza saa tisa. Basi ni la saa kumi na mbili jioni, ni siku moja na nusu njiani, pengine zaidi kwa matope. Shemeji amesema atanisubiri stendi, na amecheka alipolisema.

Nitafika Jumatatu, tarehe 29 Machi, kabla ya adhuhuri. Wiki sita za daktari zitakuwa zimebakiza siku tatu. Atanikimbilia, na nitapiga magoti.